Shingo ya Kibuyu

Waliuvunja mtungi kwanza, ndipo wakauliza. Maji yakatambaa sakafuni hadi kwenye mkeka alipokuwa ameketi Yuliana akichambua maharage, yakamlowesha miguu, naye hakuinuka kwa sababu mmoja wao alikuwa amekanyaga upindo wa kitenge chake kwa buti.

"Mumeo yuko wapi?"

"Alitoka alfajiri."

"Sikuulizi alitoka lini. Nakuuliza yuko wapi."

"Kwani wewe ukitoka kwako unamwandikia mkeo barua?"

Kofi lilimpata shavuni kabla hajamaliza. Aliyempiga hakuwa na hasira hata kidogo. Alipiga kama mtu anayeua mbu, kisha akajifuta kiganja kwenye suruali. Aliitwa Thobias, mkuu wa askari wa ile kampuni ya uwindaji iliyopewa kitalu upande wa Kisaki miaka miwili nyuma, nyika yote kuanzia mtoni mpaka relini. Tangu siku hiyo kanga waliokuwa wakifukua mbegu za watu wakawa mali ya wageni wanaokuja na ndege ndogo, na mwanakijiji aliyeonekana na unyoya mmoja mfukoni alikuwa mwizi.

"Mama, sema basi yaishe, tusichafuane," alisema askari wa pili, Abuu. Huyu kabla ya kuajiriwa alikuwa mpiga debe pale stendi ya Msamvu, na mdomo wake ulikuwa bado wa stendi. "Sisi tunatafuta riziki tu kama ninyi."

Askari wa tatu alikuwa amebaki mlangoni, akitazama nje. Thobias akamgeukia.

"Fransisko! Wewe ndiye mwenye nyumba hii, au siyo? Ingia uonyeshe wenzako vyumba."

Fransisko akaingia akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa kaka yake Yuliana, baba mmoja mama mmoja. Tena kwa Waluguru kaka si kaka tu. Watoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na anayeusemea ukoo ni mjomba. Kiwanja kilichobeba nyumba ile ni yeye aliyewaonyesha mipaka yake, siku Agustino aliporudi kutoka Kihonda na godoro moja, mke, mtoto, na barua ya kupunguzwa kazi kwa kuwa kiwanda kimeuzwa. Sasa alipita katikati ya vyombo vya dada yake na kupindua godoro lile lile kwa mtutu wa bunduki.

Walimwaga unga wakiutafuta uwazi wa kufichia nyama. Walichomoa nyasi za paa. Picha ya Bikira Maria ikaanguka ukutani, na Abuu, ambaye alikuwa Mwislamu, ndiye aliyeiokota na kuisimamisha vizuri juu ya sanduku.

Jikoni Thobias alikuta shingo tatu za vibuyu, zimekatwa na kukaushwa juu ya moshi mpaka zikawa nyeusi. Akazigusa kwa buti.

"Na hivi?"

"Namiminia mafuta ya taa."

"Masikini ya Mungu, hata faneli hana." Akaipiga moja teke ikabiringika hadi uani. Akacheka, na Abuu akacheka kwa sababu mkuu alikuwa amecheka.

Ndipo Josephina, binti wa miaka kumi, akatokea na ndoo kichwani kutoka kisimani. Aliona mtungi, akaona unga, akaona shavu la mama yake. Kisha akamwona mjomba wake, na kwa vile alikuwa amefundishwa tangu alipoanza kusema, alipiga goti kidogo, ndoo ikatikisika.

"Shikamoo mjomba."

Fransisko alikuwa ameshika blanketi lao mkononi.

"Marahaba," alijibu.

Walipokuwa wanaondoka, Fransisko alisimama kizingitini akamgeukia dada yake. Alisema kwa sauti ya ukali, ya watu wote kusikia.

"Leo jioni nitaita kanga mwenyewe. Kwa sauti ile ile tuliyokuwa tukiita tulipokuwa tunalinda mahindi ya mama. Unaikumbuka, Yuli?"

"Huyu bwana akiita," Thobias alisema akimpiga begani, "hata kanga wa kwenye picha anashuka ukutani. Na majangili wakisikia kanga, wanakuja wenyewe. Hatusumbui miguu."

Fransisko aliendelea kumtazama dada yake, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lakini Yuliana hakuyatazama macho yake. Alikuwa anatazama koti la kijani la kampuni, na mikono iliyotoka kwenye koti hilo.

*

Mikono hiyo aliifahamu. Mwezi wa nne ndiyo iliyoushika mkono wa kushoto wa Agustino juu ya jiwe, kule kambini, Thobias akiwa na kitako cha bunduki. Agustino alirudi nyumbani kwa miguu yake, vidole vitatu vimepondwa. Alipoulizwa nani alikuwepo alitaja majina mawili haraka, akanyamaza, halafu akalitaja la tatu.

"Aliambiwa anishike," alisema. "Asingenishika, angewekwa yeye pale kwenye jiwe."

"Usimtetee."

"Simtetei. Nakwambia alivyokuwa. Alikuwa amefumba macho."

Kwa mwindaji wa kanga vidole ni koo lake la pili. Agustino hakuwa na bunduki wala hakuitaka. Alitega tanzi za kamba kwenye vijia vya nyasi, akajificha katikati yake, akakutanisha viganja mdomoni na kuita kama kanga jike anavyowaita wenzake: ku-kwii, ku-kwii. Ndege wakimjibu, alijua walipo. Wakija, walikuja kwa miguu, wakipita mle mle kwenye tanzi. Ufundi huo alifundishwa na shemeji yake Fransisko siku za mwanzo, walipokuwa bado wanakula sahani moja. Fransisko alikuwa akimcheka: mtu wa mashine, mtu wa saa ya kuingia na saa ya kutoka, anajifunza kulia kama ndege. Lakini alimfundisha.

Baada ya vidole kuvunjika, viganja havikufunga tena, pumzi ilivuja. Kwa wiki nzima Agustino alikaa nyuma ya nyumba akipuliza na kupata mluzi wa mtu tu. Ndipo alipokata shingo ya kibuyu. Sauti iliyotoka mle haikuwa yake ya zamani. Ilikuwa nene, yenye kukwaruza, lakini kanga waliikubali.

Alfajiri ya siku hiyo, kabla ya askari, Yuliana alimsindikiza hadi kwenye migomba.

"Usiende leo. Moyo wangu umekataa."

"Moyo wako unakataa kila Alhamisi." Alikuwa anafunga kamba zake kiunoni kwa mkono mmoja na meno. "Shamimu anataka kanga kumi kabla ya Jumamosi, kuna harusi pale Msamvu. Nikimpelekea hao, anatupa kile chumba cha nyuma cha mgahawa wake. Chumba, Yuliana. Tunatoka kwenye ardhi ya kaka yako. Sitaki mwanangu aendelee kumwamkia mtu aliyenishika mkono."

"Wakikukamata tena?"

Wote wawili walikuwa wanalijua jibu. Thobias alikwisha kulisema kambini: mara ya kwanza vidole, mara ya pili hatutasumbuka kukubeba.

"Nitakuombea rozari," Yuliana alisema.

"Basi ukifika katikati, niombee mwewe apite."

"Nani anamwombea mtu mwewe? Haya mambo ya Mungu huyafanyii mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mwewe akipita, nusu ya kazi yangu imekwisha." Alicheka, akaingia gizani na shingo ya kibuyu ikining'inia kifuani kama msalaba wa mtu maskini. Yuliana hakumwuliza maana yake. Mambo ya mtegoni yalikuwa ya wanaume. Yeye aliletewa ndege akanyonyoa.

*

Askari walipoondoka alimkabidhi Josephina kwa jirani, akafunga kitenge, akachukua fimbo ya kufukuzia ndege, akatoka.

Alitembea tangu saa sita. Alipita mashimo ya zamani ya mkaa, akapita korongo ambako Agustino alizoea kutega wakati wa masika, akapanda kichuguu kila alipokiona. Hakuweza kuita jina. Askari walikuwa wanajua kuna mtu nyikani. Hawakuwa na hakika ni nani. Kumwita Agustino kwa sauti ilikuwa ni kuwapa jina, na jina lingewafikisha kwake hata kama leo angekimbia. Kwa hiyo alitembea kimya, jasho likimwingia kwenye lile shavu lililovimba, akisali kwa midomo bila sauti. Salamu Maria, mwonyeshe njia. Salamu Maria, mrudishe nyumbani. Mara moja aliona alama ya kandambili kwenye vumbi, akaifuata hadi ikapotelea kwenye mawe, akakaa chini na kulia kidogo, kisha akainuka.

Saa kumi na moja alikuwa amefika kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa, pale bonde linapopanuka kuelekea reli. Na hapo akaisikia.

Ku-kwii. Ku-kwii.

Ilitoka kwenye msitu mdogo upande wa pili wa bonde, safi kabisa, na mwisho wake ukivutwa juu kidogo, kama swali. Hakuhitaji kufikiri. Alikuwa na miaka saba alipoisikia mara ya kwanza, amekaa na kaka yake juu ya kichuguu katikati ya mahindi ya mama, wana njaa, wanacheka. Fransisko alikuwa anaita. Mtego ulikuwa umeanza.

Akainama nyuma ya kichaka na kutazama bondeni. Kanga walikuwa pale. Kundi zima, arobaini au zaidi, wakiokota mpunga ulioanguka, migongo yao ya madoa ikipanda na kushuka. Ikiwa ndege wako hapa, Agustino hayuko mbali. Amelala mahali kwenye nyasi hizi, anawangoja. Na ikiwa anawangoja, atakaa mpaka askari wamfikie.

Yuliana alikuwa amefukuza ndege tangu utoto wake, na jambo moja alilijua kuliko yote: ndege waliofukuzwa jioni hawarudi shambani jioni hiyo. Shamba linabaki tupu. Mtegaji atakaa kungoja nini kwenye shamba tupu? Atakunja kamba zake, atakwenda nyumbani.

"Ee Mungu, nipe miguu," alisema, akatoka mbio.

Aliingia katikati yao akipunga fimbo na kitenge, bila kutoa sauti ya mtu, meno ameyabana. Kanga walilipuka. Bonde lote likajaa mabawa na kelele, ka-ka-ka-ka-ka, wengine wakaelekea mtoni, wengine kwenye msitu mdogo, wengine wakapita juu ya kichwa chake karibu wamguse. Katika dakika moja hakukuwa na hata mmoja. Unyoya ulielea, ukatua. Yuliana alijitupa kwenye mfereji mkavu, akalala kifudifudi. Nimekuokoa, aliwaza. Nenda. Nenda nyumbani, baba Josephina.

Kwa muda kulikuwa kimya kabisa.

Kisha, kutoka upande wa mtoni, kanga mmoja akaita. Ku-kwii. Mwingine akamjibu kutoka kwenye mianzi. Mwingine nyuma yake. Kidogo kidogo nyika nzima ikaanza kuita, huku na kule, ndege waliopotezana wakitafutana kabla jua halijazama. Katikati ya sauti hizo zote ya Fransisko ilikuwa bado inaita, lakini sasa ilikuwa moja kati ya arobaini, na hata yeye dada yake hakuweza tena kuitenga.

Na halafu, hatua themanini tu kutoka kwenye mfereji, sauti nene yenye kukwaruza ikapanda. Ku-kwii! Ku-kwii! Haikuwa sauti ya mtu anayekunja kamba. Ilikuwa ya mtu aliyeketi vizuri na kuanza kazi.

Ndipo Yuliana alipoelewa habari ya mwewe. Mwewe hupita, kundi hutawanyika, na ndege aliyepotezana na wenzake huja kwa yeyote anayemwita. Kundi lililotulia halina haja na mtu. Kundi lililotawanyika ni la mtegaji. Agustino alikuwa ameomba mwewe, na mkewe alikuwa amemletea.

*

Alinyanyuka na kupiga kelele, sasa kwa jina. "Agustino! Agustino, toka! Kimbia!" Alikimbia kuelekea kwenye sauti ya kibuyu, na nyasi zikamkata miguu, na sauti ya kibuyu ikanyamaza. Akaona kichwa chake kikitokeza juu ya nyasi. Kilimgeukia. Uso wake ulikuwa na mshangao wa furaha wa nusu sekunde, kama mtu aliyekutana na mkewe sokoni bila kutazamia. Shingo ya kibuyu ilikuwa bado mkononi, ameiinua karibu na mdomo.

Risasi ilitoka kwenye msitu mdogo. Ya pili ikaifuata.

Alipomfikia, Agustino alikuwa ameanguka ubavu juu ya tanzi zake mwenyewe. Risasi moja ilikuwa imepita shingoni. Damu ilitoka kwa mapigo, na kila alipojaribu kusema ilitoka zaidi. Yuliana alivua kitenge akakibana pale kwa mikono miwili. Kilikuwa chekundu kabla hajakikunja mara ya pili. Vidole vitatu vibovu vya Agustino vilimshika kiwiko, vikabana, vikabana, vikaacha.

"Sali," Yuliana alimwambia. "Sali na mimi. Baba yetu uliye mbinguni..." Alisali peke yake hadi mwisho, na kabla hajafika mwisho alijua kwamba anasali peke yake.

Buti zikakanyaga nyasi. Thobias alifika wa kwanza, bunduki mbele.

"Rudi nyuma! Ana silaha! Nimemwona ameinua mtutu!"

Abuu alifika nyuma yake akihema. Alitazama chini. Akainama, akaokota kitu kutoka kwenye nyasi, akakigeuza geuza. Mdomo wake wa stendi ulikuwa umekauka.

"Mkuu," alisema. "Hii ni faneli kama ile."

"Nyamaza."

"Faneli ya mafuta ya taa. Nyingine kama hii uliipiga teke leo asubuhi, mkuu. Mtu huyu ameshika faneli."

"Nimesema nyamaza!" Thobias alimpiga kwa kitako cha bunduki tumboni, Abuu akakunjika na kutapika. Kisha Thobias alianza kuzunguka mahali pale, akizihesabu tanzi kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtu anayetaka kusikia kwamba zinatosha.

Fransisko alifika wa mwisho. Alitembea polepole, mikono yake imerudi kukutana karibu na mdomo, amesahau kuishusha. Alimwona dada yake bila kitenge, katika gauni la ndani lililolowa damu. Alimwona shemeji yake.

"Hapana," alisema. "Hapana, siyo yeye. Siyo sauti yake ile."

Yuliana aliokota fimbo yake. Alimpiga kaka yake usoni, akampiga begani, akampiga tena usoni, na fimbo ilipovunjika alimpiga kwa kipande kilichobaki. Fransisko hakuinua mkono. Damu ilimtoka puani ikaingia kwenye kola ya koti la kampuni. Thobias aliwatazama tu. Lilikuwa jambo la familia.

"Ulimwita!" Yuliana alilia. "Ulisema utamwita, ukamwita! Hata mbwa hamtegi mwenzake!"

"Nilimwita ili anijue." Aliongea kwa shida, mdomo umepasuka. "Yuli, nisikilize. Sauti yangu anaijua, ni mimi niliyemfundisha. Niliwaza, akinisikia tu atajua ni mimi, atajua nimekaa na nani, ataondoka. Ndiyo maana nilikuja kukwambia mbele yao. Mara mbili nimeita, na nilijua kabisa amenisikia, maana nyika ilikuwa kimya. Angeondoka. Alikuwa anaondoka. Halafu sijui nini kikawatawanya ndege."

Yuliana aliacha kupiga.

"Kelele zikawa nyingi," Fransisko aliendelea. "Mkuu akaniuliza, ipi hapa ni ya mtu? Nikasikia moja nene, inakwaruza. Hiyo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Nikasema, huyu ni mgeni, ametoka mbali. Nikaona bora akamatwe huyo, shemeji apone." Alitazama mkono wa kushoto wa Agustino uliokuwa umelala kiganja juu, vidole vitatu vimepinda pembeni. "Nikamwonyesha mkuu kwa kidole. Nilidhani ni mtu mwingine, Yuli. Nilidhani ni mtu tu."

Nyikani kanga walikuwa bado wanaitana. Mmoja wao, jike kubwa, alitokea kwenye kijia akikimbia, akaja hadi karibu kabisa na miguu ya maiti, shingo ameinyoosha, akitafuta aliyekuwa akimwita. Kamba ikamfunga mguu. Alipiga mabawa vumbi likatimka, na hakuna aliyeinama kumfungua.

*

Kampuni ilituma jeneza, gunia la mchele, na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema marehemu alikutwa na silaha. Yuliana aliisoma yote, neno kwa neno, mbele ya karani aliyeileta, kisha akaitumia kuwashia moto wa kuchemshia chai ya waombolezaji. Mchele aliurudisha. Jeneza hakulirudisha, kwa sababu hakukuwa na mbao. Abuu aliondoka na lori la kwanza bila kungoja mshahara wake, na inasemekana pale Msamvu alimweleza kila aliyetaka kusikia, lakini stendi kuna hadithi nyingi.

Fransisko alichimba kaburi. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemzuia. Siku aliyozikwa Agustino wageni wa kampuni walikuwa bondeni na magari mawili, wanawapiga kanga kwa bunduki, na milio ilifika makaburini wakati katekista akisoma. Watu waliinamisha vichwa kila mlio ulipopita, wakavinyanyua tena.

Yuliana hakumwambia mtu kilichowatawanya ndege. Alimwambia padre, kwenye kitubio, akiwa na hakika kwamba atapewa adhabu kubwa. Padre, nyuma ya wavu, akamwambia hiyo haikuwa dhambi. Alitoka kanisani ameumia kuliko alivyoingia. Dhambi ingekuwa na mahali pa kuipeleka.

Mvua za vuli zilipofika alipanda mahindi, kwa kuwa mtoto lazima ale. Siku ya tatu kanga walishuka kutoka kwenye miinuko, kama kila mwaka, wakaingia shambani wakifukua mbegu. Yuliana alikuwa ameketi kwenye ukingo, mikono mapajani.

Fransisko alikuja kwa njia ya juu. Hakuwa na koti la kijani. Alikuwa na shati lililotoboka na jembe begani. Uso wake ulikuwa na kovu la fimbo kutoka jichoni hadi kwenye midevu. Josephina alipita kati yao na ndoo ya maji kichwani. Alimtazama mjomba wake, akaendelea na njia yake kimya. Kwa mara ya kwanza mama yake hakumkemea.

Fransisko alingoja hadi mtoto alipoingia ndani.

"Wanafukua mbegu, Yuli."

"Nawaona."

"Mbona huwafukuzi?"

Yuliana aliwaelekezea kidevu. Jike mmoja alikuwa amefika karibu, hatua kumi, anachakura na kumeza, anachakura na kumeza.

"Unakumbuka ulisema hujui nini kiliwatawanya?" alisema. "Ni mimi. Nilitaka aende nyumbani."

Alisema hivyo tu. Fransisko alisimama na jembe lake begani, na taratibu, kama mzigo unaoteremshwa na mtu aliyechoka, akaliweka chini. Akainama, akaokota bonge la udongo, akanyanyua mkono kulitupia kundi, kwa kuwa mbegu zilikuwa zinaisha na mtoto alikuwa ni wa ukoo wake. Mkono ukabaki juu. Bonge likaanza kumeguka, udongo ukamwagikia kwenye kichwa chake.

"Tupa wewe," Yuliana alisema. "Mimi siwezi."

Alijaribu. Kisha akashusha mkono, akaketi kwenye ukingo, mbali kidogo na dada yake, na kanga wakaendelea na mstari wa pili.